Fataki Laini ya Papa

Kila nipitapo mbele ya saluni za kucha za Matonge, hapa Ixelles, Brussels, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Wasusi huniita wakidhani nataka kusukwa, kumbe nimesimamishwa na harufu ya rangi ya kucha. Baruti mpya hunuka hivyohivyo mkebe unapofunguliwa, tamu na yenye kuchoma pua kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na harufu hiyo ilikuwa ya kave, kama tulivyokiita chumba cha chini ya nyumba yetu ya kupanga. Humo mama alianika nguo na kutundika makayabu, samaki wa chumvi, na humo papa, yaani baba yangu, kila Jumamosi mchana, alijitengenezea risasi zake za shabaha. Alikuwa na vibali vyote, na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Mimi sikuruhusiwa kugusa baruti wala fataki. Nilipewa kazi niliyoiona kubwa zaidi: nilishika daftari la vipimo na matokeo.

Kule Likasi, Kongo, papa alikuwa fundi wa kuchonga vyuma. Huku Brussels vyeti vyake havikutambuliwa, basi akawa anapiga deki korido za hospitali moja upande wa Woluwe. Hakulalamika, lakini mikono yake ilikuwa na njaa. Kwenye klabu ya shabaha, mwendo wa saa moja nje ya mji, hakuna aliyemwuliza vyeti; karatasi yenye matundu ndiyo iliyojibu. Msimu ule wa vuli klabu ilikuwa inatafuta mtu wa nne wa timu, na waliobaki kushindania nafasi walikuwa wawili: papa na Bwana Roger, mwenye duka la miwani, aliyenunua risasi zake tayari kwenye maboksi mazuri. Siku moja Bwana Roger aliokota risasi ya papa mezani, akainusa, akauliza kama huwa anazitia pilipili. Watu wakacheka. Papa naye akacheka. Kisha aliendesha gari na risasi ile ngumini mpaka tulipofika nyumbani, na hapo nikaelewa kwamba nafasi ile ya nne haikuwa mchezo tena.

Risasi ni kitu kidogo chenye ndoa nyingi ndani yake. Kuna ganda la shaba, kuna kichwa kinachoruka, kuna baruti inayokisukuma, na kitakoni kuna fataki, kikombe kidogo kuliko punje ya hindi, ambacho kikigongwa hutoa cheche ya kuiwasha baruti. Papa aliipima baruti kwa mizani ambayo mkono wake ulitetemeka hata kwa pumzi yangu. "Usipumue, karani," alininong'oneza, nami nilijivunia kukata pumzi kuliko nilivyojivunia alama za shule. Sheria yake ilikuwa moja: ukitaka kujua kitu, badilisha kimoja tu. Maganda yaleyale, vichwa vilevile, kipimo kilekile. Kama ni zamu ya fataki, baruti isiguswe. Ndivyo alivyojifunza Likasi mbele ya mashine, na ndivyo nilivyoandika kwenye jalada la daftari.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu, kwa sababu ya tonton Faustin, mdogo wake, aliyekuja kwetu kila Jumapili kula. "Yaya, fataki zako ni za bamaman," tonton alimcheka kaka yake, kwamba ni za wanawake. "Weka kali! Muntu wa kushinda anawashaka moto mukubwa!" Katika ukoo wetu kila kilicho kikali kiliheshimiwa, iwe pilipili, mwalimu, au mahubiri. Papa, ambaye kicheko cha klabuni kilikuwa bado kimemkaa kifuani, alienda dukani akarudi na fataki kali kuliko zote, na kwa vile alikuwa kwenye kaunta, akachukua na baruti nyingine ambayo muuzaji aliisifu sana. Hakuwa mjinga, alianza na kipimo cha chini kabisa cha kitabu, maana fataki kali na baruti nyingi vinaweza kumvunjia mtu bunduki usoni. Lakini alikuwa amebadilisha viwili kwa mpigo. Kwenye uwanja matundu yalitawanyika kama kuku waliorushiwa mahindi. "Ni fataki ao ni baruti?" papa aliniuliza. Nilifunua daftari mbele na nyuma, na kwa mara ya kwanza halikuwa na jibu. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi zilituponyoka zote, na mashindano ya kuwania nafasi ile yalikuwa yamebakiza wiki mbili.

Jumapili hiyo mama alisikiliza kisa chote akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. "Bon. Maharage yangu, minayapikaka na moto gani?"

"Kidogo," papa alijibu.

"Na ukiniwekea mukubwa?"

"Ngozi inapasuka, ndani inabaki mawe."

"Alors? Juu ya nini uko unapika risasi sawa muntu anachoma pori?"

"Ee, shemeji," tonton Faustin alidakia, sahani mkononi, "bunduki haina sufuria!"

"Wee kula, nyamaza. Moto kidogo njo unakulisha kila siku."

Papa hakumaliza chakula. Wiki ile aliirudisha baruti yake ya zamani, akanunua fataki za aina nne, na tukaanza upya, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Zile kali zilipiga kelele nzuri na kutawanya matundu. Zilizoshinda zilikuwa laini, kutoka boksi lenye vumbi kwenye rafu ya chini, ambalo muuzaji aliona haya kulipendekeza. Kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza. Matundu matano, na niliyafunika yote kwa sarafu moja ya faranga ishirini. Baadaye papa alinieleza kwamba ganda lake lilikuwa dogo na baruti yake ya kushika moto upesi, kwa hiyo mlipuko mkubwa uliivuruga kabla haijawaka sawasawa; kwa bunduki kubwa, yenye baruti nyingi na nzito kuwaka, hasa kwenye baridi kali, huenda fataki kali ingefaa. "Hakuna fataki nzuri," alisema. "Kuna yenye kupatana."

Siku ya mashindano Bwana Roger alipiga kwanza, na alipiga vizuri. Papa akafuata, risasi kumi, kila moja kwa pumzi yake, nami nyuma yake nimekata yangu. Karatasi zilipimwa mara mbili. Papa alipita kwa unene wa kucha. Bwana Roger akaja, akachukua risasi iliyosalia mezani, akainusa tena, lakini safari hii alimpa papa mkono kabla ya kuuliza siri ni nini. "Moto mdogo," papa alimjibu kwa Kifaransa. "Muulize mke wangu." Wiki iliyofuata mama alimpelekea Bwana Roger bakuli la maharage, na hakutia hata chembe ya pilipili.

Miaka zaidi ya thelathini imepita. Vijana wa klabuni sasa wana mizani ya umeme, na simu zao huwajibu kabla hawajauliza. Siwaonei wivu; mimi nilikuwa karani wa mtu aliyetafuta jibu kwa mikono yake. Ila daftari lile sikulitii. Naendesha malori, nimeishi miji saba, na kila nilipohama nilibadilisha yote kwa pamoja: mji, mwajiri, mpenzi, hata nywele. Mambo yalipoharibika sikuweza kujua ni fataki au ni baruti. Mwaka huu nimepanga chumba mitaa miwili kutoka kwa wazee wangu. Macho ya papa yamefifia, bunduki alishaiuza, lakini alinitambua kwa hatua zangu ngazini.

"Safari hii umebadilisha nini?" aliuliza.

"Nyumba tu, papa. Kazi ni ileile. Lori ni lilelile."

Alifungua mtoto wa meza kwa kupapasa, akatoa daftari lenye harufu hafifu ya rangi ya kucha. Kurasa tupu zilikuwa bado zimebaki.

"Donc andika, karani," alisema. "Kisha tungoje."