Anayezima Injini Mteremkoni

Fundi wa pikipiki wa mtaa wetu wa Kimisagara huzima injini kila barabara ya Kigali inapoanza kuteremka. Anaiachia pikipiki ishuke yenyewe, kichwa amekilaza upande kidogo, akisikiliza mnyororo, breki, upepo. Majirani humcheka kwamba ni bahili wa petroli. Wacheke. Mwaka jana, wa tisini na moja, mimi ndiye niliyekaa nyuma yake katika jangwa la kaskazini mwa Kenya, tulikokwenda kwa hamu tu ya kuona nchi isiyo na vilima. Dhoruba ya mchanga ilitukuta tukiingia kwenye mto mkavu. Akazima injini. Nikampigia kelele, “Washa, bwana! Hapa mteremko uko wapi?” Akalaza kichwa vilevile. “Tulia, rafiki. Maji iko inakuja.” Mimi sikusikia kitu ila upepo. Tukaisukuma pikipiki kurudi ukingoni, na mara mto ukapita mbele yetu, maji ya mvua ya milima ya mbali, yamebeba miti mizima. Yeye akapangusa mchanga kwenye taa, basi. Siku hizi akizima injini pale juu Nyamirambo, watu wanatupigia miluzi. Nami nyuma yake nakaa wima, kifua mbele, kila mtu aone nimebebwa na nani.