Siku Foleni Ilipofichwa

Asubuhi ya ziara Mama Foleni alivaa viatu akakosea miguu, akavivua kwa hasira, akavaa upya. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa ameshakaa kwenye mashine yake karibu na dirisha, sare ya shule aliyokuwa akiipiga pindo ikimning'inia magotini.

"Leo umeamka na nani, mama?"

"Na bodi nzima ya benki."

"Wote? Ndiyo maana kitanda kilibana."

Siku nyingine angecheka. Mumewe alizoea kumtania kwamba hata akifika ahera atawauliza malaika nani kaja kabla ya nani. Lakini siku hiyo alichukua mkoba akatoka. Fundi akarudi kwenye pindo lake, maana alimjua mkewe: akinyamaza, usimsogelee.

Benki kubwa ambayo Mama Foleni aliitumikia tangu alipomaliza kidato cha nne ilikuwa inafunga matawi. Makao makuu hawakusema kufunga, walisema wanayapima. Mwenyekiti wa bodi alikuwa anazunguka mwenyewe kuyaona matawi yaliyotiliwa shaka, na lao lilikuwa mojawapo. Likifungwa, yeye angepelekwa kokote hadi astaafu, na hilo angelimeza. Lililomuuma ni wateja: wastaafu, wajane, wauza mboga wa gengeni, watu ambao tawi jingine la karibu kwao liko upande wa pili wa mji, unapanda basi, unashuka, unapanda jingine, na magoti yenyewe ndiyo hayo.

Jina la Mama Foleni hakujipa. Mashine ya kutoa namba iliharibika zamani, ikafunikwa kitambaa, na hakuna fundi aliyeletwa. Madirisha yalikuwa sita, lakini makeshia walipunguzwa mmoja mmoja hadi wakabaki yeye na mwenzake. Meneja wa tawi akahamishwa, nafasi yake ikaachwa wazi, na yeye akakabidhiwa funguo "kwa muda tu", bila nyongeza. Foleni ikarefuka mpaka nje. Basi akaanza kuiendesha kwa kichwa chake. Mwenye magoti mabovu akae kwenye benchi, nafasi yake itasogea bila yeye kusimama. Anayetaka kwenda kununua dawa aende, akirudi ataingia palepale nyuma ya mwenye kofia. Mtu akibisha, Mama Foleni aliinua macho tu dirishani akasema, "Huyu alikuwa hapo," na ubishi ukaisha. Akisema rudi kesho, mtu alirudi kesho bila kununa. Hakuwahi kumtuma mtu nyumbani bure, nao walilijua hilo.

Huko juu foleni hiyo haikuwepo. Meneja wa kanda, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Asilimia kwa kuwa hata salamu hakuweza kuitoa bila asilimia, aliiambia menejimenti kwamba muda wa kusubiri umeshuka. Menejimenti ikaiambia bodi, bodi ikapiga makofi, bonasi zikatolewa. Gharama nazo zimeshuka, walisema. Kweli zilishuka. Zilishukia kwenye miguu ya watu waliosimama.

Bwana Asilimia alifika geti likiwa bado limefungwa, na gari limejaa makeshia wa kuazima kutoka matawi mengine.

"Mama yangu, leo madirisha yote sita yanafanya kazi," alisema akisugua viganja. "Na foleni sitaki kuiona."

"Foleni ndiyo sababu ya sisi kuwepo hapa," Mama Foleni alijibu. "Mwache mwenyekiti aione. Akiona watu atajua tawi linahitajika."

"Akiona watu atajua nilimdanganya." Neno lilimtoka, akaliwahi. "Yaani atapata picha isiyo kamili. Nenda getini uwaambie mtandao umekatika, warudi mchana. Mlinzi akisema watabisha. Wewe watakusikia."

"Mtandao upo."

"Unataka tawi lifungwe? Wakikuta msongamano watasema limewashinda, walifunge. Mimi ndiye ninayekaa nao mezani, najua wanavyowaza. Mtu kama wewe, nguzo ya tawi hili..."

"Usinivike kilemba cha ukoka."

Lakini neno lile la kufungwa lilikuwa limeshamwingia. Huenda huyu anawajua kweli. Huenda wakubwa huamua kwa usafi wa sakafu. Mama Foleni akaenda getini.

Watu walikuwa wamejipanga ukutani kama siku zote. Mbele alisimama mwalimu mstaafu, mwavuli umening'inia mkononi. Nyuma yake alikuwa mama wa genge, aliyemwachia jirani nyanya zake.

"Jamani, mtandao umekatika," alisema, macho yake kwenye mwavuli badala ya uso wa mwenyewe. "Rudini mchana."

"Pole na kazi, mama," mwalimu alisema. Akageuka, akaenda zake.

Mama wa genge akasema heri, atauza mafungu kidogo kabla jua halijawaka. Wengine wakafuata. Ukuta ukabaki mtupu. Hakuna aliyeuliza swali, na hilo lilimchoma kuliko kama wangemtukana.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mtu mzima mpole, mwenye sauti ya chini ya mtu ambaye watu wamekuwa wakimnyamazia maisha yake yote. Alitembea ukumbini polepole. Feni zilizunguka juu ya benchi tupu. Makeshia walikuwa wamekaa kwenye madirisha yao, mikono mezani, kama wanafunzi wanaosubiri mtihani.

"Pasafi," alisema. "Na wateja?"

"Asilimia themanini tumewahamishia kwenye simu, mwenyekiti," alisema Bwana Asilimia. "Hawana haja tena ya kuja hapa."

"Hongereni. Hayo ndiyo matokeo." Mwenyekiti akavua miwani, akayaangalia madirisha moja baada ya jingine. "Sasa makeshia wote hawa na hakuna wa kumhudumia. Jengo hili tunalilipia kodi ya nini?"

 Bwana Asilimia alikuwa ameifagia foleni, na tawi likafagiliwa pamoja nayo.

Mama Foleni akasimama. "Mwenyekiti, wateja wapo. Wameambiwa waondoke ili usiwaone. Kila siku wanajaa hapa hadi barabarani. Twende getini ukaone."

Kwa adabu yake mwenyekiti alikubali. Mlinzi akafungua geti. Ukutani alikuwepo paka amelala, basi. Tawi jingine wangebaki wabishi, wangebaki wavivu wa kutembea, angebaki hata mmoja wa kunung'unika. Hawa waliambiwa na Mama Foleni, wakaenda wote.

"Nani aliwaambia waondoke?" mwenyekiti aliuliza.

Bwana Asilimia aliitazama saa yake.

"Mimi," alisema Mama Foleni.

"Aha." Mwenyekiti akavaa miwani. "Nakuelewa, mama. Kila mtu anaitetea kazi yake. Lakini jambo kama hili lipitie kwa menejimenti. Bodi inaongoza, haiingilii utendaji." Akamgusa bega kama anayempa pole mfiwa, kisha yeye na msafara wake wakavuka barabara kwenda kula kwenye hoteli iliyo mkabala na benki. Na Mama Foleni alijua kwamba mtu yule hakuwa mjinga wala katili. Alikuwa mtu aliyevaa miwani ya mbao na kuiita kanuni.

Lile gari likawapakia makeshia wa kuazima likaondoka, viti vyao havijapoa.

Mchana watu walirudi, wa asubuhi na wa mchana pamoja. Foleni ikajaza ukumbi, ikatoka, ikaufuata ukuta hadi kona. Mwalimu akafika dirishani.

"Mtandao umerudi salama?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Mama Foleni akasukuma kiti, akatoka nyuma ya kioo, akasimama katikati ya ukumbi.

"Mtandao haukukatika," alisema. Hakupaza sauti, ukumbi ulinyamaza wenyewe. "Niliwadanganya. Niliambiwa niwafiche, nikawaficha. Mwenyekiti wa bodi akaona pamekauka, akasema tawi halina kazi. Watalifunga."

"Wewe?" Mama wa genge alisogea karibu. "Wewe ndiye umenirudisha kwa uongo?"

"Mimi."

"Angenifukuza mlinzi nisingejali."

Mwalimu aliufunga mwavuli wake, akaukaza kamba.

"Huyo mwenyekiti yuko wapi?"

"Anakula. Hapo ng'ambo."

"Basi tupange, mama. Si ndiyo kazi yako?"

Akawapanga. Aliye mbele alibaki mbele, aliye nyuma nyuma. Benchi lilibebwa na wenye nguvu, wenye magoti mabovu wakalifuata. Foleni ikatoka mlangoni mwa benki, ikavuka barabara huku magari yakipiga honi, ikapita chini ya ngazi za hoteli na kuishia kwenye mlango wa gari la mwenyekiti lililoegeshwa hapo. Hakuna aliyeimba wala kupiga kelele. Walisimama tu, kama walivyofundishwa kwa miaka mingi na upungufu wa makeshia.

Bwana Asilimia alitoka wa kwanza, kijiti mdomoni. Alipoona, kijiti kikaanguka.

"Unajua unachokifanya, wewe mama?"

"Napanga foleni. Na wewe usiruke watu."

Mwenyekiti akatokea nyuma yake. Aliufuata mstari kwa macho, kutoka kwenye gari lake hadi ng'ambo, hadi ulipokunja kona.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza.

Bwana Asilimia hakuwa na asilimia yoyote.

"Ni wale walioko kwenye simu, mwenyekiti," alisema Mama Foleni.

Mtu mmoja alicheka, kisha kicheko kikaufuata mstari hadi nyuma. Mwenyekiti akateremka ngazi akilikusudia gari, lakini mama wa genge hakusogea.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Mwisho wa foleni ni kule benki."

Mwenyekiti alisimama pale juani kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Alipouliza wanataka nini, mwalimu alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mwanafunzi aliyechelewa darasa. Mwishowe alisema atasubiri taarifa ya menejimenti.

Tawi halikufungwa. Makao makuu walisema limewekwa chini ya uangalizi. Mama Foleni aliletewa barua ya onyo kwa kuiaibisha benki. Bwana Asilimia alipata bonasi yake na kanda kubwa zaidi. Keshia wa tatu hakuletwa. Mumewe alipoisoma ile barua alisema walau wameandika jina la mkewe vizuri, na safari hii hata fundi mwenyewe hakucheka.

Kisha siku moja, foleni imefika nje, mtandao ukakatika kweli. Skrini zikawa nyeusi. Mama Foleni akaenda hadi getini, akawaambia, safari hii akiwaangalia usoni.

"Jamani, mtandao umekatika. Rudini kesho."

Hakuna aliyeondoka; neno lake halikutosha tena. Mama wa genge akaangalia pembeni. Mwalimu akakaa kwenye ncha ya benchi, akaulaza mwavuli magotini.

"Tutasubiri tu, mama," alisema kwa upole. "Huenda ukarudi."

Mama Foleni alirudi ndani. Aliketi mbele ya skrini nyeusi, akakunja ngumi chini ya meza, mahali ambapo wao wasingeiona. Wao hakuwakasirikia.