Mwalimu Ezekia Anauliza Ukutani

Usiku ule nililala nimejifunika mablanketi mawili na khanga kichwani, maana Julai kwetu Njombe baridi haina adabu. Kompyuta niliiacha wazi mezani, tasnifu yangu ikiwa imebakiza sura ya mwisho. Sikuwa namuwaza marehemu. Labda ndiyo maana alikuja.

Kwanza niseme alikuwa nani. Mwalimu Ezekia alifundisha Fizikia shuleni kwetu. Mimi nafundisha Jiografia. Tulikwenda pamoja kusomea shahada ya uzamili ya ualimu, ile inayofunza matumizi ya teknolojia darasani. Likizo wenzetu wakilima viazi, sisi tulikuwa Iringa, tunajifunza kurekodi masomo, kuyahariri, kupanga kipindi ambacho mwanafunzi atakiona ukutani kwa projekta. Ezekia alikuwa mkubwa wangu kwa umri, mtu wa makoti mazito, na mbele ya kamera alitokwa jasho kama anayeungama. Mkufunzi wetu alimwelekeza: "Ukishauliza swali, nyamaza kidogo wapate kujibu. Kisha wapongeze, uendelee." Akafanya hivyo hivyo. Akauliza, akanyamaza, akatabasamu, akasema, "Vizuri sana." Halafu akanigeukia. "Dada Yusta, sasa hapa nimempongeza nani?" Chumba kizima tulicheka.

Alirekodi masomo ya muhula mzima. Kabla hatujamaliza kozi, nimonia ikamchukua, upesi, hata wengine walipata habari za kuugua kwake pamoja na habari za msiba. Mwalimu mwingine wa Fizikia hatukumpata. Mkuu wetu wa shule akasema, "Masomo yake si yapo?" Basi projekta ikafungwa kwenye darasa la kidato cha pili, na marehemu akaendelea na kazi. Mimi nikalichukua darasa lile kuwa utafiti wangu. Watoto walitulia, wakanakili, hapakuwa na fujo. Kila aliyechungulia alisema mpango umefaulu. Maofisa wa elimu walikuwa wamealikwa waje wauone, ili shule nyingine zisizo na walimu zifuate.

Katika ndoto nilikuwa Iringa, kwenye kile chumba tulichorekodia, kuta tumezitundika mablanketi kuzuia mwangwi. Natafuta waya wa projekta. Nikauona chini ya meza, nikaufuata. Ukapita chini ya mlango, nami nikapita, ukaambaa na korido ndefu, na korido ile sasa ni ya shuleni kwetu. Namsikia kabla sijafika. Ni sauti ya kwenye video, safi, haina kile kikohozi alichoondoka nacho.

Nikaingia darasani. Watoto wamekaa, madirisha yamezibwa. Uso wa Ezekia umejaa ukutani. Na dawati la nyuma kabisa, magoti yakiwa hayatoshi, amekaa Ezekia mwenyewe, kavaa ile suti tuliyomzika nayo, pamba bado i puani. Anautazama uso wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Uso wa ukutani unauliza: "Kwa nini sindano hupenya nguo, na kidole hakipenyi?"

Kisha unanyamaza. Watoto wanafumbua midomo. Wote kwa pamoja midomo inacheza, koo zinapanda na kushuka, na hakuna sauti hata moja inayotoka.

"Vizuri sana," uso unasema.

Nilitaka kumwamkia yule wa nyuma. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ya mtu aliyelala muda mrefu.

"Yusta. Wanasema nini?"

"Sijui, kaka."

"Mimi nauliza tu. Siwasikii."

Nikageuka kuwatazama watoto, na hapo tulikuwa kanisani. Sare ni zile zile, lakini wamekaa kwenye mabenchi ya siku ya ibada ya mazishi. Jeneza lipo mbele, na mwanga wa projekta unaangukia juu ya kifuniko chake, uso wa Ezekia umejikunja kufuata mbao. Pembeni wageni waliovaa vizuri wanapiga makofi polepole. Uso unauliza tena habari ya sindano. Unanyamaza. Unapongeza. Unauliza tena. Katikati ya mabenchi kuna mtoto ameinua mkono, uso wake siuoni. Mkono umemchoka, unatetemeka. Ameushikilia kwenye kiwiko kwa mkono wa pili usianguke.

Ezekia yuko ubavuni mwangu sasa. Sikumwona akinyanyuka.

"Yule," anasema, "ameinua mkono tangu mliponizika."

Nikakimbilia projekta niizime. Nabonyeza, kidole kinazama ndani yake kama kwenye unga. Nabonyeza tena. Mwanga hauzimiki, sauti haikomi, makofi yanaongezeka. Nikaanza kulia. Nikasikia ubaridi sikioni, baridi ya udongo uliofukuliwa asubuhi.

"Siwezi kunyamaza mwenyewe," akasema. "Nikatize, Yusta. Nikatize, uwasikilize."

Nikaamka nimekaa kitandani, mkono nimeunyoosha gizani, kidole bado kinabonyeza hewa. Sikulala tena. Kulipopambazuka nilivaa, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule. Nilimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo mkuu. Nataka video ya Fizikia niwe naisimamisha katikati. Hata siku ya wageni."

"Marahaba. Uisimamishe ya nini? Kipindi hakitatosha. Na wewe ni wa Jiografia."

"Najua, mkuu."

"Darasa limetulia, unataka kulivuruga." Akacheka kidogo. "Kwani umeota?"

"Ndiyo. Nimemwota Ezekia."

Akaweka kikombe chini. Yeye ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu siku ile kanisani. Alikaa akichezea kifungo cha sweta, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Amesemaje?"

Nikamweleza vile vile nilivyoambiwa. Alinyanyuka, akafunga dirisha, ingawa lilikuwa limeachwa wazi kidogo tu.

"Haya," akasema akinipa mgongo. "Nenda. Watoto usiwaambie."

Kipindi cha kwanza kilikuwa Fizikia. Nikawasha projekta. Ezekia akauliza habari ya sindano na kidole, na kabla hajatabasamu nikabonyeza. Akasimama pale pale ukutani, mdomo nusu wazi. Watoto waliendelea kuinamia madaftari wakisubiri sauti iendelee. Haikuendelea. Kichwa kimoja kikainuka, kisha cha pili, kisha vyote.

Atukuzwe, msichana anayekaa karibu na dirisha, akauliza, "Madam, imeharibika?"

"Haijaharibika. Mwalimu ameuliza."

Wakatazamana.

"Kwa hiyo leo tujibu kweli?" Atukuzwe akauliza tena.

"Kweli."

Nikangoja, nikisikia bati likigongwa na upepo. Niliogopa. Niliona mkuu alisema kweli, kwamba si somo langu, na kwamba nimeharibu utafiti wangu kwa ajili ya maiti. Ndipo Atukuzwe akasimama.

"Kwa sababu sindano ni chuma."

Wenzake wakamtazama, kisha wakanitazama mimi.

"Na kijiko je?" nikamuuliza. "Kijiko nacho ni chuma. Kitapenya?"

Akakitazama kidole chake, akakibonyeza kwenye kiganja. Akachukua kalamu, akabonyeza ncha yake mahali pale pale.

"Ngoja, Madam," akasema. "Ngoja kidogo."

Tukamngoja.