Kumfuata Wambui Kaskazini ya Mbali

Safari hii niliifanya kwa sababu shemeji yangu alikufa maji. Barafu ya ziwa ilipasuka chini yake kule kaskazini ya Norwe, na Mama akaniambia, "Nyambura, nenda ukamlete dada yako." Nilikubali upesi. Tangu Wambui aolewe, kila mgeni aliyeingia kwetu mtaani Umoja alionyeshwa picha yake akiwa kwenye theluji. Mimi niliyebaki na Mama sikuwa na picha ukutani, na nilimwonea wivu.

Kutoka Oslo nilipanda ndege ndogo. Chini yetu miti ilizidi kuwa mifupi, kisha ikaisha kabisa. Ikabaki nchi tambarare ya kijani na kahawia, yenye vidimbwi visivyohesabika.

Wambui alinipokea pamoja na mama mkwe wake, bibi mfupi aitwaye Ane. Ilikuwa Julai, lakini upepo ulipenya koti langu.

"Hakuna miti?" nikauliza.

"Ipo, unaikanyaga," Wambui akacheka. Kweli, kati ya nyasi na majani kulikuwa na miti isiyozidi urefu wa kidole, imelala chini kuukwepa upepo.

Kesho yake Ane alichimba kwa sepetu ili kunionyesha ardhi yao. Chini kidogo tu chuma kikagonga barafu. Wambui akaeleza kwamba barafu hiyo haiyeyuki hata kiangazi. Maji hayana pa kuzama, ndiyo maana vidimbwi na mbu ni wengi hivyo. Wakati huo jua halikutua kabisa. Majira ya baridi, alisema, halichomozi kwa wiki nyingi.

"Unavumilia vipi giza hilo?"

"Mama hunishika mkono tukitoka nje," akajibu, akimtazama Ane.

Moyo ukanichoma. "Mama yako yuko Umoja!"

"Najua, Nyambura. Lakini huyu amezika mwanawe, na hana mtoto mwingine. Siendi."

Nilimbembeleza mpaka siku ya kuondoka. Uwanjani walisimama wameshikana mikono, nami nikapanda ndege peke yangu.

Nilipofika nyumbani Mama alitazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu. Nilimsimulia yote.

"Huyo mwanamke anampenda?" akauliza.

Nilitaka sana kusema hapana. "Anampenda, Mama. Kama wewe."

Mama akajifunika uso kwa leso. Nilijifunza kwamba wivu haukuwa wangu peke yangu; Mama naye alimwonea Ane. Nikaketi kando yake, tukalia pamoja.