Divai ya Shamba la Majivu

Baba alipotugawia shamba pale chini ya Longonot, mlima wa volkano, aliniambia nichague kwanza, kwa sababu mimi ndiye kitindamimba na kwetu kitindamimba ndiye hubaki na wazazi. Nikachukua upande wa bondeni wenye udongo mweusi. Ndugu yangu mkubwa akabaki na majivu ya mlima na vile vijiwe vyepesi vinavyoelea majini. Watu walimpa pole. Mimi nilimpa pole kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku hizi magari ya Nairobi yanapanga foleni langoni kwake. Alipanda zabibu nyeupe za aina mbili. Moja inanukia kama nyasi iliyokatwa sasa hivi, nyingine kama tufaha lililoiva. Kiwanda cha divai kinachozinunua kinazichanganya na kutengeneza divai kavu, isiyo na utamu wowote. Baridi yetu haitoshi kuulaza mzabibu, kwa hiyo yeye huupunguza matawi ili upumzike, kisha uzae tena. Wageni wakielezwa hayo huitikia kwa vichwa utadhani wako kanisani. Na anayewaeleza ni baba! Baba anayelala kwangu, anayekula mahindi yangu, ambaye hajawahi kumwonyesha mgeni hata bua moja la mahindi hayo. Nina wivu, na sioni sababu ya kuuficha.

Krismasi iliyopita ndugu yangu alileta chupa ya kwanza iliyotoka kwa zabibu zake. Tulikuwa uani, nyama choma iko mezani, na ugali wa mahindi yangu. Shangazi alionja, akakunja uso.

“Hii waini imeharibika, jameni! Iko chachu kama ndimu. Leteni soda.”

Kwetu divai ni ile tamu ya harusini. Soda ikamiminwa kwenye glasi moja baada ya nyingine, na binamu mmoja akaongeza vijiko vya sukari. Ndugu yangu aliinamisha kichwa. Mimi nilifurahi, nikajipakulia nyama tena, na ile chupa ya soda nikampelekea baba kwa mkono wangu mwenyewe.

Baba aliisukuma kando. Akanywa divai yake kidogo, akautazama mlima, akanywa tena.

“Wacheni kuweka soda,” akasema. “Hii ni ule mchanga wa majivu. Ukilima wakati wa kiangazi, vumbi yake inakaa hivi hivi kwa ulimi. Hata nikifungwa macho naijua.” Kisha akamgeukia ndugu yangu. “Asante, kijana yangu. Umefanya kazi.”

Miaka yote ninayomlisha sijawahi kuambiwa hivyo. Nikashindwa kujizuia.

“Na ugali je, baba?”

Aliitazama sahani yake. Alikuwa ameumaliza wote.

“Ugali ni ugali,” akasema, akaninyooshea sahani nimwongezee.

Nikamwongezea.