Mpishi wa Kamachumu na Swali la Nani Aogelee Mwisho

Saa kumi na moja alfajiri, Kokushubila Josia anakoroga uji wa wanafunzi kwa mwiko mrefu kama kafi, na midomo yake inacheza. Ukimsogelea utadhani anasali.

"Wanaume vijana kwanza," ananong'ona. "Halafu wazee. Halafu... hapana."

Anaacha kukoroga. Mpishi mwenzake, Ephrasia, anamsukuma kando kwa kiwiko na kuushika mwiko kabla uji haujaungua.

"Leo tena?" anauliza Ephrasia. "Uji huu utaupika au utauogelea?"

Kokushubila, au Mama Evelyne kama wengi wanavyomwita, mwenye umri wa miaka 47, ni mpishi katika shule moja ya bweni huko Kamachumu, wilayani Muleba. Ana mabega mapana ambayo majirani wanasema ni ya kupasua kuni na yeye anasema ni ya ziwa. Alizaliwa karibu na maji, akajifunza kuogelea alipokuwa akitumwa kuteka, huku amekumbatia dumu tupu ili asizame. Mpaka leo, kila Jumamosi ambayo hayuko zamu huteremka ziwani.

Na tangu mwaka jana ndiye anayepanga ratiba ya mashindano ya kuogelea ya watu wazima, yanayofanyika kwa zamu, mara Bukoba mjini, mara Muleba.

Si mashindano makubwa. Waogeleaji ni watu wa ridhaa: mafundi cherehani, wauguzi, wakulima wa kahawa, wenye maduka. Bwawa hakuna. Wanaogelea ziwani, kati ya ufukwe na madumu ya njano yaliyofungiwa mawe chini yasichukuliwe na maji. Kazi ya Kokushubila ni kusema nani aingie majini, na aingie wakati gani.

"Watu wanadhani ni kazi ya kuandika majina," anasema. "Ni kazi ya kumchagua atakayeonewa."

Sababu ni upepo. Msimu wa kiangazi, asubuhi ziwa hulala. Mchana ukishapinduka, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na mawimbi huja yakipanda moja juu ya jingine. Anayeogelea mwanzo huogelea maji. Anayeogelea mwisho hupigana nayo.

Kwa miaka yote aliyoshiriki, waliokuwa wakipangwa mwisho ni wanawake waliovuka arobaini. Hakuna aliyekaa akaamua kuwatesa. Wageni walifika asubuhi, walitaka kuwaona vijana, na vijana wakawekwa asubuhi. Wanawake wakabaki baada ya chakula, ikawa desturi.

Julai ya mwaka juzi, mjini Bukoba, desturi hiyo nusura iue mtu.

Sada, muuza vitenge wa mjini aliye rafiki wa Kokushubila wa siku nyingi, alikuwa nyuma yake katika mbio za mwisho. Mawimbi yalikuwa yamekwisha kupanda. Mtumbwi mmoja wa uokoaji ulikuwa umevutwa nchi kavu na watu wake wanakula. Wa pili ulikuwa upande wa mbali.

"Mimi nilikuwa naongoza," anasimulia Kokushubila. "Sada akiogelea hupumua kwa sauti, kama mtu anayepuliza moto. Ghafla nikasikia kimya. Kugeuka, sioni kichwa."

Alirudi. Alimshika kwa mgongo wa vazi lake refu la kuogelea, akamvuta hadi kwenye dumu la karibu, wakaning'inia hapo wote wawili mpaka mtumbwi ulipofika.

Sada mwenyewe anaikumbuka siku hiyo kwa jambo jingine. "Nilipofikishwa ufukweni nilitapika maji, nikainua macho. Viti vilikuwa vitupu," anasema. "Wageni wameondoka, wenzetu wameondoka. Hicho ndicho kilichoniuma. Ningekufa mbele ya viti."

Katika kikao kilichofuata, Kokushubila alisimama na kusema yote yaliyokuwa moyoni. Mwenyekiti, Mzee Awadhi, dereva mstaafu asiyependa makelele, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi, mwanangu," akamwambia, "panga wewe."

Akapanga. Mashindano ya mwaka jana yalifanyika Muleba, na wazee na wanawake waliingia majini asubuhi, ziwa likiwa limelala. Mwisho kabisa aliwaweka vijana wa kiume katika mbio ndefu. Aliona wana nguvu, wangeyaweza mawimbi.

Mchana upepo ukaja, mkali kuliko alivyotarajia. Vijana walikuwa tayari wamevua mashati wakinyoosha viungo. Wanawake wawili watatu waliokaa pembeni wakasema wazi, "Waacheni waingie. Nao waonje."

Kokushubila aliyatazama maji, akawatazama wanawake wale, akajua kwamba sehemu fulani ya moyo wake inakubaliana nao. Jambo hilo lilimtisha kuliko mawimbi. Akazifuta mbio.

Aliyeumia zaidi ni Wilbert Karugendo, mkulima kijana wa Maruku, ambaye wengi walimtarajia kushinda. Alikuwa amekuja na mama yake, ambaye hakuwahi kumwona akishindana.

"Alinifuata akaniuliza, 'Mama Evelyne, umetuogopea au umetulipizia?'" anasema Kokushubila. "Mpaka leo sina hakika."

Medali zikagawiwa, watu wakapanda magari. Kabla jua halijashuka, upepo ukakatika na ziwa likatulia kama maziwa bakulini. Wilbert na mama yake walibaki wamekaa ufukweni wakiyatazama maji ambayo mtu yeyote angeweza kuyaogelea.

Tangu hapo Kokushubila hatulii. Akiwaanzisha wa Bukoba, wanalalamika wa Muleba. Akiwaanzisha wa Muleba, basi la asubuhi linachelewa na mbio zinaanza bila wao. Anayeogelea mara mbili anahitaji kupumzika katikati, na kupumzika kwake kunamsogeza mwingine kwenye mawimbi.

"Kila nikimtoa mmoja kwenye upepo, namwingiza mwenzake," anasema.

Mumewe, Julius, anasema nyumbani nako hakuna amani. "Tukikaa kula, ananihamisha kiti. Namuuliza kwa nini, hajui."

Wiki mbili zilizopita Kokushubila alishindwa kuvumilia, akasafiri hadi Maruku. Alimkuta Wilbert shambani akikata majani makavu ya migomba. Mama yake alimkaribisha mgeni kwa neno la heshima la Kihaya. "Karibu, waitu." Wilbert hakuacha kukata.

"Umekuja kuniambia safari hii nimewekwa wa ngapi?"

"Nimekuja kukuuliza," alijibu Kokushubila. "Mimi nimeshindwa."

Panga likasimama.

"Hukunikosea kwa kutuzuia," alisema Wilbert. "Yale mawimbi niliyaona. Ulinikosea kwa kuondoka. Mligawa medali, mkaenda zenu. Mama akaniuliza, 'Mbona hawa wamekwenda na wewe hujaogelea?' Ningemjibu nini?"

Kokushubila alikaa kwenye majani yale makavu. Maneno ya Sada na ya kijana huyu, anasema, yalikuwa yaleyale, kwamba waliachwa wenzao wakaenda zao, naye alikuwa ameyasikia yalipotoka kwa Sada tu. Walizungumza mpaka chai ikaletwa shambani.

Jumapili iliyopita alipeleka mapendekezo yake kwenye kikao mjini Bukoba. La kwanza, nafasi ya mwisho izunguke, kila kundi liionje kwa zamu. La pili, upepo ukipanda, mbio zingoje, na usipotulia hadi jioni, zifanyike kesho yake, Jumapili asubuhi, na wanaokwenda misa ya kwanza wasubiriwe. La tatu ndilo lililozua mabishano: medali zisigawiwe, wala mtumbwi usivutwe nchi kavu, mpaka wa mwisho atoke majini.

Mjumbe mmoja alisema wageni rasmi hawatakubali kungoja.

"Mgeni asiyeweza kungoja tutamsindikiza na mkungu wa ndizi," alisema Mzee Awadhi. Watu wakacheka, na mapendekezo yakapita.

Mashindano ni Jumamosi hii, Bukoba. Wilbert na wenzake wa Maruku wamethibitisha kuja, na wataogelea asubuhi. Zamu ya mwisho imewaangukia wanawake waliovuka arobaini, yaani Kokushubila mwenyewe na Sada.

Sada alipopigiwa simu alikataa papo hapo. "Koku, mimi mwisho siogelei tena."

Kisha akauliza nani atakuwa kwenye mtumbwi. Kokushubila akamwambia ni Wilbert, ameomba mwenyewe.

"Kijana huyo anajua kuogelea kweli?"

"Kuliko sisi sote."

"Haya. Nifike saa ngapi?"

Kokushubila hana hakika kama safari hii amepatia. Anahofia mvua, anahofia basi la Muleba. Mwakani anataka kumfundisha mtu mwingine kazi hii, ili ratiba isikae mikononi mwa mmoja tu. Lakini kuna siku moja anayoitamani zaidi.

"Siku mtu atakapopokea ratiba asianze kutafuta jina lake liko wapi," anasema, "siku hiyo nitalala."