Rangi Chini ya Mfuko wa Shati

Nikikumbuka Ijumaa ile, mwanangu, jasho bado linanitoka. Nilikuwa kijana, najifunza ushonaji kwa Bi. Salima kule Temeke, na nilikwishajiona fundi kamili. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijiambia mwenyewe.

Siku chache kabla, Mama Upendo, mwalimu mjane aliyetokea Mbeya, alikuwa ameleta shati la marehemu mumewe. Binti yao alikuwa anapata kipaimara Jumapili. "Mshonee gauni la rangi ya hili shati," aliniambia. "Nataka aingie kanisani na baba yake." Nikaandika kwenye daftari: bluu nyepesi. Nikatafuta kitambaa, nikashona, nikapiga pasi, nikajisifu.

Ijumaa alipokuja kuchukua gauni, alilitazama kwa muda mrefu.

"Mume wangu hakuwahi kuvaa rangi hii," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Mama, si ndiyo hiihii? Angalia mwenyewe!" Nikalilaza shati juu ya gauni. Vikafanana kabisa. Mungu anisamehe, nilibishana na mjane.

Bi. Salima hakunipandishia sauti. Alimwomba Mama Upendo ruhusa, akachukua wembe, akaufumua mfuko wa kifuani. Chini yake palikuwa na kipande cha bluu iliyokolea, ambacho jua halikuwahi kukifikia. Mama Upendo akakigusa kwa kidole.

"Hiyo," alisema. "Ndiyo aliyovaa alipokuja kwetu kuniposa."

"Yusufu, mwanangu," Bi. Salima akaniambia taratibu, "rangi nyepesi imetengenezwa hivyo. Hii imepauka. Ilikuwa imekolea, jua na sabuni vikaila. Wewe umeangalia shati, mwenzio anamkumbuka mtu."

Nilitamani ardhi inimeze. Jumamosi nzima sikuinuka kwenye cherehani, nikishona gauni jingine la bluu iliyokolea, na Bi. Salima mwenyewe akaurudishia mfuko ule mahali pake, kwa mkono, bila kunisimanga hata kidogo. Nampenda mama yule mpaka leo.

Jumapili, mie Mwislamu, nikaenda kusimama nje ya kanisa kama mkwe asiyealikwa. Binti akatoka na gauni lake jipya. Mama Upendo akaniona, akaja moja kwa moja, akanishika mikono yote miwili. "Umemleta," akaniambia, na sote wawili tukalia.

Siku hizi ninyi vijana mnanitumia picha za nguo kwa simu, na kila rangi isiyokolea mnaniandikia "imepauka." Nawacheka, kisha nauliza: ilitengenezwa hivyo, au ilipotea njiani? Nawe jizoeze kuuliza, mwanangu, hasa mbele ya mtu aliyefiwa au aliyezeeka. Usibishane naye kwa unachokiona leo. Mwache akuoneshe alichokuwa nacho.

Mungu akupe macho mazuri na ulimi mpole kuliko wangu wa ujanani. Na utakapokosea, maana utakosea tu, akubakishie walau siku moja ya kurekebisha.